Friza ya Kamati

Simu ililia katikati ya sala ya jioni, na ikalia nyumbani kwa Lauofo, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kutozwa faini hata ya kifaranga.

Kombe la baharini la kuitia sala lilikwisha kupulizwa. Kijiji cha Matavaloa kilikuwa kimetulia tuli, vijana wa zamu wamesimama kando ya barabara na fimbo zao, asipite mtu wala gari mpaka watu wamalize kumshukuru Mungu. Nyumba za huku Savai'i, kisiwa cha Samoa, hazina kuta, ni nguzo na paa tu, kwa hiyo mlio ulitoka chini ya mto wa kulalia, ukapenya kati ya nguzo, ukavuka uwanja, ukafika mpaka kwa mchungaji. Taligi, mke wa Lauofo, aliirukia simu kama mtu anayeua mende. Alitaka kuizima, kidole kikaangukia pengine, na mwanamume mmoja mchangamfu akapaza sauti mbele ya Mungu na kijiji kizima:

"Hongera, Mama Taligi! Bado kidogo tu ushinde!"

"Amina," akasema Lauofo, meno yamekazana, na sala ikaishia hapo.

Asubuhi baraza la wazee lilimtoza katoni moja ya samaki wa kopo. Alitoa bila kunung'unika, maana yeye mwenyewe ni mmoja wa wazee hao, na ndiye aliyewahi kusimama akataka faini za simu ziongezwe. Katoni haikumuuma. Kilichomuuma ni kupita barabarani na vijana kumwinamia kwa adabu zote, "Mheshimiwa, Mama ameshinda nini? Mtukumbuke na sisi."

"Hebu niambie na mimi," alimwambia mkewe alipofika nyumbani. "Umeshinda nini?"

"Sijashinda kitu. Walikosea namba."

"Walikosea namba, wakapatia jina?"

Taligi akaliinamia jiko, akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri kabisa.

*

Mambo yalianzia msibani. Friza ya kamati ya kina mama ilikufa siku ya mazishi, nyama ya kondoo ya wageni ikaoza yote, na wageni wa kijiji cha jirani wakala shelisheli kwa samaki wa kopo. Walikisifu chakula kile. Walikisifu mno, mpaka ukajua kabisa kwamba wanatukana. Fuatino, mke wa mchungaji, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, alijifungia chooni akalia.

Taligi alikuwa katibu. Siku chache baadaye alikuwa kwenye nyumba ya kusukia, mkeka wake wa heshima umetandazwa mbele yake, mmoja wa ile mikeka laini ya majani ya mkadi inayosukwa kwa miezi na kutolewa kwenye harusi na maziko. Simu ameiegemeza kwenye kikombe cha kakao. Mara tangazo likajitokeza. Mwanamume mnene mwenye shati jeupe la kanisani amesimama kando ya friza kubwa kama jeneza la mfalme. *Friza ya bure kwa kila kijiji chenye umoja! Jaza jina na namba yako. Kadiri unavyoongeza watu wako, ndivyo nafasi yenu inavyokua.* Na chini ya kila jina, kisanduku kidogo: *Huyu ni nani kwako?*

Mtu wa kwingine angejaza jina lake na la dada yake, basi. Taligi hakuweza. Kuliweka jina lako peke yako na kumwacha jirani, huku, ni sawa na kula umewapa watu mgongo. Tena friza ije, halafu isikike kwamba mama fulani hakutajwa? Kamati ingevunjika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo aliwajaza wote. Alianza na wazee kwa vyeo vyao, mkubwa kwanza, akafuata wake zao, wajane, walio kwaya, kisha wale walioko Auckland na Sydney, maana hao ndio wenye nguvu.

Na kile kisanduku kilimkuna pale pale alipokuwa anawashwa. Pale kijijini hakuna aliyejua nani ni nani kama Taligi. Akaandika nani mtoto wa nani, nani alilelewa na nyanya yake, nani kaolewa wapi. Kwa kuwa kuna akina Iakopo watatu, kila mmoja alimwongezea jina lake la nyumbani, watu wa friza wasije wakachanganyikiwa. Alifanya kazi ile kwa uaminifu kabisa, mpaka majani ya mkadi yakamkaukia mapajani. Alipomaliza simu ikamwandikia *Asante*, na moyo wake ukajaa. Hakumwambia mtu. Alitaka iwe furaha ya ghafla.

Sasa furaha ilikuwa imeanza kuingia, nyumba hadi nyumba. Mzee mmoja alipigiwa kuuziwa bima ya mbwa. Mpiga kinanda wa kanisa alipigiwa na mwanamke mwenye sauti ya asali, na mkewe ndiye aliyepokea. Wajane waliambiwa wameshinda magari, wakaulizwa namba za benki, wakajibu kwa huzuni kwamba hawana benki, wana nguruwe.

Watu walicheka kwanza. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuuliza: nani kauza namba zetu? Na jibu lilikuwa karibu. Ni nani pale kijijini anayeuza vocha, anayeandika namba za watu kila siku? Ni Peniamina mwenye duka.

"Ndiyo maana kanunua paa jipya," alisema mama mmoja kwenye nyumba ya kusukia.

"Na mimi nilimshangaa," akasema mwingine. "Paa la rangi!"

Taligi aliyasikia hayo akainamisha uso. Akakosea ukili, akaufumua, akakosea tena.

*

Siku aliyokwenda dukani kununua sukari alimkuta Bibi Lole mbele ya kaunta. So'onalole ndilo jina lake kamili, lakini hakuna aliyekuwa akilimaliza. Mjane, mfupi, mkavu, mwenye ulimi ambao hata wazee wa baraza waliuzunguka kwa mbali. Fuatino naye alikuwepo, anachagua sabuni. Juu ya kaunta palikuwa na kitu kimefungwa kwenye shuka jeupe, na Peniamina amerudi nyuma hatua kadhaa, mikono mgongoni, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wa mwenzake akaogopa kumshika.

"Bibi, huu siwezi kuuweka hapa na unga na viberiti," alikuwa anasema.

"Sikukuomba uuweke. Nimekuomba unipe tala elfu mbili. Weka popote, weka kitandani kwako, ulale juu yake."

"Huu ni mkeka wa maziko yako, Bibi. Kila mtu anaujua."

"Na mimi nimekufa? Nitazikwa na gazeti. Toa hela, kijana, dirisha la kutuma hela linafungwa."

Taligi akaangalia lile shuka. Mkeka ule uliingia na Bibi Lole siku alipoolewa, umekuwa laini kama kitambaa kwa uzee wake, una manyoya mekundu pembeni. Kwenye misiba mikubwa huombwa uonekane tu, watu waushangilie, kisha hurudishwa kwa mwenyewe.

"Bibi, kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu. Nunua sukari yako."

"Bibi."

Bibi Lole akatazama mlango, akatazama nje, akashusha sauti. Ulimi wote ule ulikuwa umemwishia.

"Wamemshika Moa," alisema. "Kagonga mtu na gari huko Auckland. Mtu yuko mahututi. Wakili kanipigia, nisimwambie mtu, nisimpigie mtoto maana polisi wanasikiliza simu yake. Hela isipofika leo wanampeleka gerezani. Sasa mmesikia. Yakitoka hapa nitajua yametoka kwa nani."

Peniamina akatoa hapo hapo kisanduku cha hela. Fuatino akaweka sabuni chini, akaanza kufungua pochi yake.

Taligi alisimama na mfuko wa sukari kifuani.

"Huyo wakili," alisema, "alimwitaje mtoto?"

"Nimekwambia. Moa."

"Hakusema Iakopo?"

"Alisema Iakopo, kisha akasema Moa. Ndiyo maana nikamwamini. Tapeli angelijua wapi jina la nyumbani?"

Moa ni kuku kwa Kisamoa. Mtoto yule alipokuwa mdogo alikuwa hatulii bila kifaranga mkononi, na aliyempa jina hilo ni Taligi mwenyewe, aliyekuwa akimnyonyesha pamoja na mtoto wake mwenyewe, mama wa Moa alipokuwa mgonjwa.

Hapo Taligi alikuwa na njia nyepesi. Angeweza kusema, Bibi, nina wasiwasi, hebu tumpigie kwanza. Mtoto angepatikana, mkeka ungerudi nyumbani, wote wangemshukuru kwa akili yake, na paa la Peniamina lingeendelea kusemwa. Watu wengi tungeishika njia hiyo na kulala usingizi mzuri. Taligi aliweka sukari kwenye kaunta.

"Alilijua kwangu," akasema.

"Nini?"

"Jina. Nimelitoa mimi, Bibi. Na namba yako, na kwamba Moa ni mjukuu wako, na kwamba yuko Auckland, na kwamba wewe ndiye uliyemlea. Nilijaza kwenye simu. Waliahidi friza."

Nje nguruwe wa mtu alikuwa akijikuna kwenye nguzo ya duka.

"Friza," akasema Fuatino.

"Ya kamati. Nilijaza kijiji kizima. Zote zile simu, mnazopigiwa nyote, ni mimi." Akamgeukia mwenye duka. "Siyo yeye. Peniamina hakuuza namba ya mtu. Nilisikia wanavyomsema nikanyamaza."

Peniamina alifunga kisanduku chake taratibu. "Siku zote hizi," alisema, "watu wanaingia hapa wananitazama kama mwizi. Mke wangu hataki tena kwenda kwaya. Na wewe unakuja, unanisalimia, unanunua sukari."

"Ndiyo," akasema Taligi.

Bibi Lole sasa alikuwa ameukumbatia mkeka wake. "Mimi sielewi maneno yenu," alisema, sauti imempanda. "Mtoto yuko polisi au hayuko?"

Peniamina akampigia Moa kwa simu yake mwenyewe, kwa vocha yake mwenyewe, akampa bibi. Ikaita, ikaita. Kisha sauti nzito ikaitika katikati ya makelele ya mashine, huko boharini anakofanya kazi.

"Haloo? Nani?" Bibi Lole akamwita kwa jina. Sauti ikabadilika. "Bibi, kuna msiba? Nani kafa?"

Bibi Lole akafumba macho. "Hajafa mtu," alisema. "Umekula?"

"Bibi, niko kazini!"

"Nimekuuliza umekula?"

"Nimekula, Bibi."

"Haya. Rudi kazini, usichezee kazi ya watu."

Alirudisha simu, akaufunga mkeka wake vizuri, pembe kwa pembe. Taligi alingoja atukanwe. Alitamani kutukanwa. Lakini Bibi Lole alisimama mbele yake, akamtazama kama mtu anayetafuta jina la sura aliyowahi kuiona.

"Namba ni namba," alisema. "Lakini nani kazaliwa na nani, hayo hatuwaambii hata wageni tunaokula nao. Watu wamepigana vita kwa hayo. Wewe umeyamwaga barabarani kwa ajili ya barafu."

Akatoka.

Fuatino alingoja bibi afike mbali. "Utaniletea ufunguo wa kabati la kamati," alisema, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasahau sabuni yake.

*

Lauofo alisikiliza yote akiwa ameketi, miguu amekunja, anakula gimbi. Aliendelea kutafuna muda mrefu baada ya gimbi kwisha.

"Kwa hiyo ile katoni ya samaki nililipia friza," alisema.

"Nicheke au nilie?" akauliza Taligi.

"Mimi nimeshacheka, moyoni. Sasa tunafanyaje?"

"Kesho alfajiri nakwenda kuketi mbele ya nyumba yake. Chini ya mkeka."

Lauofo akamtazama. Kujifunika mkeka na kuketi kwenye uwanja wa uliyemkosea, mpaka akufunue na kuupokea mkeka, au akuache uungue na jua, hufanywa kwa damu iliyomwagika. Hufanywa na ukoo, na mkubwa wa ukoo ndiye aongozaye.

"Watatucheka," alisema. "Kwa ajili ya simu?"

"Wewe bakia."

"Nani kasema nabakia? Nauliza tu watatucheka kiasi gani, nijiandae. Mkeka upi? Wetu ulikwenda msibani."

"Huu wangu."

"Huo haujaisha."

"Najua haujaisha, Lauofo. Ndio nilionao."

Kulipoanza kupambazuka walitoka. Kabla ya yote Taligi alipitia dukani, akasimama barazani, akasema mbele ya wanaonunua mikate kwamba kosa ni lake na Peniamina hana hatia, akarudia mpaka hata kiziwi wa kwaya akaelewa. Kisha yeye na mumewe wakaketi kwenye kokoto za uwanja wa Bibi Lole na kujifunika ule mkeka, ambao upande mmoja ulikuwa bado unaning'inia majani yasiyosukwa kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla.

Watu walikusanyika, na vicheko vilikuwepo. "Jamani, friza imefika, imefunikwa!" kijana mmoja alisema, na mama yake akamzaba kofi la kisogo. Jua likapanda. Chini ya mkeka palikuwa moto kama ndani ya chungu.

"Mguu wako uko nje," alinong'ona Taligi.

"Uache. Angalau wenyewe unapata upepo."

"Unajuta kunioa?"

"Leo? Kidogo. Kwenye goti la kulia hasa."

Vicheko vilipungua, kisha vikakoma. Si rahisi kuendelea kumcheka mtu aliyeketi kwenye kokoto bila kujitetea. Mzee wa baraza akaja akasimama kando ya uwanja, wa pili akaja. Peniamina alifika, akatazama, akaenda akarudi na ndoo ya maji, akaiweka pale karibu.

Ndipo Bibi Lole alipotoka. Alitembea bila haraka, akauzunguka ule mkeka mara moja, akachutama kwa shida, akashika ukingo. Hakuufunua. Aliusogeza machoni.

"Hapa umekosea," alisema.

"Ndiyo, Bibi," sauti ikajibu kutoka chini. "Nimekosea sana. Nime..."

"Siyo hayo. Hapa. Ukili huu umepita juu mara mbili. Ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nawasikia wanamsema Peniamina."

Bibi Lole akagumia. Akaufunua mkeka, mume na mke wakapepesa macho, nyuso zinang'aa kwa jasho. "Mkeka haujaisha," akasema, safari hii kwa sauti ya watu wote. "Nikipokea msamaha nusu, nitazikwa kwenye nusu? Utakuja kuumalizia hapa kwangu, barazani, nikikuona. Na ukikosea utafumua. Lauofo, nyanyuka, baba, kabla hatujaita watu wakubebe."

Simu ya Bibi ikalia. Ile ndogo, ya vitufe, iliyofungwa kwa uzi shingoni. Kila mtu akajua ni nani.

"Nipokelee," Bibi Lole akamwambia Taligi. "Weka wote wasikie."

"Bibi So'onalole?" Sauti ilikuwa ya kijana, Kisamoa chake cha kukwamakwama, cha watoto waliokulia ng'ambo. "Ni mimi, wakili. Hela haijafika. Hali ya Moa siyo nzuri."

"Salamu kwanza," akasema Bibi Lole.

"Eh... shikamoo, Bibi. Ni hivi, muda..."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni wakili, Bibi, kutoka..."

"Sikuuliza kazi. Kisamoa hicho umefundishwa na mtu. Nani alikufundisha? Mama yako? Nyanya yako?"

Nyuma ya kijana zilisikika sauti nyingine nyingi, wanaume na wanawake, kila mmoja akimpongeza mtu kwa kitu.

"Nyanya yako ni wa kijiji gani? Nitajie, labda namjua. Mimi nimezika nyanya wengi."

Uwanja mzima ulikuwa umeinamia kile kisimu. Hata yule kijana aliyetania friza alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Mimi sikati," akasema Bibi Lole kwa upole. "Nakungoja. Wewe unanijua mimi na mjukuu wangu mpaka jina la kuku. Nitajie mmoja tu wa kwenu."

Waliisikia pumzi yake. Ikavutwa kama ya mtu anayetaka kusema. Kisha simu ikakatwa.

"Mshenzi!" akasema Lauofo. "Hana hata kwao."

"Anako," akasema Bibi Lole. "Asingekuwa nako angenitukana. Huyo kashindwa kumtaja nyanya yake mahali kama pale." Akairudisha simu kifuani, akabaki kidogo mkono juu yake. Kisha akaugeukia ukingo wa mkeka, akampa Taligi majani mkononi.

"Anzia kwenye kosa," alisema. "Fumua."